Siku Fundi Mkuu Alipokosa Alama

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu chochote kwa wiki mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimevaa gauni jipya aliloshona baba yangu, Juma, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na msikiti wa Kitale. Alinisindikiza mwenyewe hadi mlango wa nyuma wa jumba la sinema, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka nikaingia.

Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu. Nitamwita Kariuki, ingawa silo jina lake. Majina yote humu nimeyabadilisha, na msomaji ataiona sababu mbele. Alikuwa mtu mrefu, Mkristo, mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa upande wa Endebess. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati wakahamia Trans-Nzoia. Alinitazama kwa muda, kisha akaonyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha dogo.

"Kaa hapo," akasema. "Angalia mikono yangu. Usiguse. Ukiuliza swali, uliza picha ikiisha."

Vijana mnaotazama picha kwenye simu hamtajua kibanda cha mashine kilivyokuwa. Chumba hicho kilikuwa juu, nyuma ya watazamaji, chenye joto kama jiko la mkate. Ndani yake kulikuwa na mashine mbili za kuonyeshea sinema, nasi tukiziita projekta. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa vikakaribiana mpaka vikawaka, mwanga mkali kama ule wa kuchomelea vyuma. Vijiti hivyo viliisha vikiwaka, kwa hiyo ilibidi uvisogeze kila wakati. Ukisahau, picha inageuka ya manjano, halafu giza.

Filamu yenyewe ilikuja imezungushwa kwenye magurudumu ya bati. Hayo ndiyo tuliyoyaita riili. Riili moja ilichukua kama dakika ishirini, hivyo picha nzima ilikuwa na riili tano, sita, hata saba. Moja ikikaribia kuisha kwenye mashine ya kushoto, ya pili lazima iwe tayari kwenye mashine ya kulia. Na utajuaje wakati? Kwenye pembe ya juu ya picha kulikuwa na alama ndogo ya mviringo iliyoonekana kwa kufumba na kufumbua. Alama ya kwanza, unawasha mota. Unahesabu. Alama ya pili, unabadilisha. Ukifanya sawasawa, mtu aliyekaa chini hajui kama kuna riili iliyoisha.

"Kazi yetu ikiwa mzuri," Fundi Mkuu aliniambia wiki ile ya kwanza, "hakuna mtu anajua sisi tuko."

Msichana kwenye kibanda cha mashine lilikuwa jambo geni. Meneja, mtu mfupi aliyependa kuvaa tai hata Jumapili, alipanda ngazi akiwa anahema, akasimama mlangoni.

"Fundi, huyu ataolewa kabla hajajua kuunga filamu. Si ungechukua kijana?"

Kariuki hakugeuka. "Meneja, ni mimi nafundisha."

"Nasema tu, bana."

"Umesema. Nimesikia."

Meneja akashuka.

Kuunga filamu ndiyo kazi niliyofundishwa kwanza baada ya wiki zile mbili. Filamu ikikatika, unakwangua mwisho wa kipande kimoja kwa wembe, unapaka gundi, unabandika kipande cha pili ukihakikisha matundu ya pembeni yamelingana, unabana mpaka ikauke. Ikipinda hata kidogo, itakatika tena mbele ya watu. Alinifanya niunge kipande kilekile mara arobaini. Nilipomaliza alikikunja, akakivuta, akakitupa kwenye pipa, akasema, "Kesho tena." Nilirudi nyumbani nikalia. Baba akaniuliza kuna nini, nikamwambia Fundi Mkuu ananichukia. Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Hakuchukii," akasema. "Rudi kesho."

Nilirudi. Miezi ikapita, nikajua kuunga, nikajua kusogeza kaboni, na siku moja Kariuki akasimama nyuma yangu mikono mfukoni, akaniacha nibadilishe riili peke yangu. Hakunisifu. Alikuwa mtu asiyeuliza habari za mtu. Ila kila Jumatatu, bila kukosa, aliniuliza, "Nyumbani ni wazima?" Kisha akangoja jibu mpaka mwisho, hata kama vijiti vilikuwa vinaisha. Nilimweleza kwamba Mama anaumwa mgongo, kwamba Baba amepata cherehani mpya. Alitikisa kichwa na kurudi kazini. Niliona ni adabu yake tu.

Kazi ya kutafsiri ilianza kwa bahati. Watu wa mashambani walikuja Jumapili mchana, wengi hawakujua Kiingereza, wakawa wanapiga kelele kuuliza amesema nini, amesema nini. Meneja akaamua mtu awe anasema kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Alijaribu karani wa tiketi, akashindwa. Alikuwa anacheka kabla ya watu. Kariuki akasema, "Mpe Rukia. Sauti yake inafika."

Basi nikawa na kazi mbili. Siku za kawaida nilikuwa kwenye mashine, na siku za picha kubwa nilikaa chini na kipaza sauti, na Kariuki juu peke yake. Mtafsiri mzuri hasemi neno kwa neno. Anasikia mtu amesema nini, halafu anasema jinsi mtu wa hapa angesema. Mama akifiwa na mtoto kwenye picha, mimi nililia kama mama wa Kitale anavyolia. Watu walipenda. Kampuni ikanunua gari na mashine mbili ndogo, tukawa tunazunguka: Endebess, Matulo karibu na Webuye, shule za Bungoma. Miaka minane ilipita hivyo. Niliolewa, nikazaa mtoto wangu Saidi, nikarudi kazini. Meneja hakusema kitu.

Sasa nifike kwenye picha yenyewe.

Mwalimu mmoja wa Kifaransa huko Bungoma alikuwa ameazima Nairobi picha ya zamani ya Wafaransa, isiyo na rangi, ambayo alisema wenye elimu ya sinema duniani wanaiheshimu. Alitaka wanafunzi wake na wazazi waione. Tukakodishwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi upande wa Kanduyi. Tulifunga madirisha kwa mablanketi. Wazazi walijaa, wengine wamebeba watoto. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yameandikwa chini ya picha, nami nikawa nasoma na kusema Kiswahili. Kariuki alikuwa nyuma yangu, hatua kama kumi, na mashine zake mbili juu ya meza.

Hadithi ilikuwa rahisi. Katika mji mdogo wa Ufaransa kuna msichana anayejiandaa kuolewa. Kuna mzee mmoja mleta barua, ambaye ameleta barua nyumbani kwao tangu msichana akiwa mchanga. Polepole tunaanza kujua kwamba mzee huyo ndiye baba yake. Mama anajua, mzee anajua, msichana hajui. Nyumba nzima imejengwa juu ya jambo lisilosemwa. Siku ya harusi mzee hakualikwa. Anakwenda kwa padri, anakaa, anavua kofia yake.

Mwalimu alikuwa amenipa karatasi ya maelezo lakini sikuwa nimeiona picha. Nilikuwa nayakuta maneno palepale kama watu wengine. Mzee akamwambia padri maneno, nami nikayasema kwenye kipaza sauti taratibu, kwa sababu uso wake ulikuwa na upole huo:

"Nimemwona kila siku ya maisha yake. Nimemsalimia, nimemuuliza habari za nyumbani. Wala sijawahi kumwita mwanangu. Mwanangu. Nataka nilisikie neno hilo likitoka hata mara moja."

Mama mmoja mbele yangu akajifuta macho kwa leso. Nikaona alama ya kwanza kwenye pembe ya picha. Nilikuwa na mazoea ya kuiona hata nikiwa chini. Nikangoja sauti ya mota ya pili. Haikuja. Alama ya pili ikapita. Picha ikaisha, na kitambaa cha kuonyeshea picha kikabaki cheupe, mwanga mtupu, na mkia wa filamu ukipiga tap, tap, tap kwenye mashine.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Mlinzi wa ukumbi, mtu wa Bungoma mwenye sauti kubwa, akaita, "Fundi! Kwani picha imehalibika?"

Niligeuka. Kariuki alikuwa amesimama, mkono wake uko kwenye swichi. Hakuwa amelala wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikainuka, nikamwendea. "Fundi, mashine."

"Ee," akasema, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akawasha. Picha ikarudi, nami nikarudi kwenye kiti. Tulimaliza. Watu walipiga makofi, mwalimu akashukuru. Tulipokuwa tunapanga riili kwenye masanduku, Kariuki akaniuliza bila kunitazama:

"Yale maneno ya mzee. Ni wewe umeongeza, ama yako kwa picha?"

"Yako kwa picha, Fundi."

"Neno la mwanangu? Mara mbili?"

"Yeye alisema mara mbili."

Akafunga sanduku la mwisho, tukaondoka kurudi Kitale.

Kesho yake nilikwenda kumsalimia Mama. Baba alikuwa kibandani kwake. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, nami nikakaa kumsaidia, nikamweleza kisa hicho kama jambo la kuchekesha. Ati Fundi Mkuu, mtu asiyekosa alama tangu azaliwe, jana ameaibika mbele ya Bungoma nzima.

"Picha ilikuwa ya nini?" Mama akauliza.

Nikamweleza. Mzee mleta barua, msichana, padri. Nikamwambia hata yale maneno, kwa sauti ileile niliyoyasema. Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameuweka ungo chini.

"Kwa hivyo amekuambia," akasema.

"Ameniambia nini?"

"Alisema hatasema. Aliniapia, Rukia. Aliniapia mbele ya Mungu wake."

"Mama, nani? Hakuna mtu ameniambia kitu."

Alinitazama, nikaona anavyoelewa kwamba alichokisema hakirudi tena. Akauvuta tena ungo, ukapinduka. Alijaribu kuokota maharagwe yaliyomwagika, akashindwa, akakaa sakafuni.

Alinieleza. Alikuwa msichana, akiuza maandazi karibu na jumba la sinema, na Kariuki alikuwa kijana mwanafunzi wa mashine. Walipendana. Wazazi wake Mama walisema hawatamwoza binti yao kwa asiye Mwislamu, na wazazi wake Kariuki walikuwa wameshamtafutia mke kanisani kwao. Mama alikuwa tayari ana mimba alipoposwa na Juma fundi cherehani. Aliolewa haraka. Hakumwambia Juma.

"Baba yako hajui," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Ukimwambia utamuua. Niapie."

Nikaapa. Ningefanya nini? Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mume na mtoto, naye hakuiachia mikono yangu.

Wasomaji wataniuliza nilihisi nini. Nilihisi hasira, na hasira hiyo sikumwelekezea Mama, aliyekuwa akilia sakafuni. Niliielekeza yote kwa Kariuki. Miaka minane tumekaa chumba kimoja chenye upana wa kitanda. Ananiambia kesho tena, kesho tena. Ananiuliza, "Nyumbani ni wazima?" Niliona kwamba alikuwa anakuja kunitazama kama mtu anayetazama picha, kwa raha yake, bila kulipia chochote. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Jumatatu ile alinisalimia kama kawaida. "Nyumbani ni wazima?"

"Fundi," nikamjibu, "tuzungumze habari za kazi tu."

Uso wake haukubadilika. Aliinama akaanza kusafisha lenzi, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alijua kwamba najua. Hatukuwahi kulitaja, yeye kwa kiapo chake na mimi kwa changu.

Mwezi huo nikamwendea Meneja. Kampuni ilikuwa inafungua ukumbi mdogo Bungoma mjini, ikitafuta mtu wa kusimamia mashine. Niliomba mimi. Meneja akalegeza tai.

"Fundi Mkuu anajua?"

"Atajua."

"Amekufundisha miaka hiyo yote, sasa unamwacha hivyo? Kuna shida kati yenu?"

"Hakuna shida, Meneja."

Meneja alikwenda kumuuliza. Baadaye aliniambia kwamba Kariuki alijibu neno moja: "Anaweza."

Nikahamia Bungoma na mume wangu na Saidi. Nilikuwa mkuu wa mashine, mwanamke, na chini yangu wanaume wawili. Ningejivunia. Kazi niliifanya kwa uangalifu mkubwa, na kila nilipobadilisha riili bila mtu kujua, nilikuwa nayafuata mafundisho ya mtu ambaye sikutaka kumkumbuka.

Kila baada ya miezi mitatu Fundi Mkuu alikuja kukagua. Hiyo ilikuwa kazi yake katika kumbi zote za kampuni. Alifungua mashine, akaangalia meno yanayovuta filamu, akatia mafuta, akaandika kwenye kitabu: sawa. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa amekonda. Alipomaliza alikaa kwenye kiti, jambo ambalo hakulifanya kamwe mbele yangu, akaweka mikono juu ya magoti.

"Rukia," akasema, "kama uko na swali, uliza. Yoyote."

Wale wanaume wawili walikuwa wametoka. Tulikuwa peke yetu. Nilikuwa na swali moja tu, na yeye alikuwa analingojea.

"Lenzi ya mashine ya kulia ina ukungu," nikasema. "Italetwa nyingine lini?"

Aliigeukia ile lenzi. Kisha akasema, "Nitatuma mwezi ujao." Akainuka, akachukua koti lake.

Lenzi ilikuja mwezi uliofuata, imefungwa vizuri kwa pamba. Yeye hakuja tena. Haikupita muda Meneja akapiga simu ukumbini.

"Fundi Mkuu yuko hospitali. Anataka kukuona. Amesema hata kama ni dakika tano."

"Idd ni kesho kutwa, Meneja. Nina maonyesho matatu kila siku. Nitakuja Idd ikiisha."

"Rukia, nasema huyu mzee ni mgonjwa."

"Nimesikia."

Maonyesho ya Idd yalijaa. Siku ya pili ya sikukuu, picha ya saa nane ikiwa inaendelea, mmoja wa wale wanaume wangu alipanda akaniambia simu imepigwa, Kariuki amefariki. Nilikuwa naitazama pembe ya picha. Alama ya kwanza ikaonekana, nikawasha mota. Ya pili ikaonekana, nikabadilisha. Sikukosa.

Tulimzika Endebess, kwenye shamba lake, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Mke wake alikuwa amevaa nyeusi, wanawe wanne wamesimama upande mmoja: wavulana watatu na msichana mdogo wa mwisho. Wafanyakazi wa kampuni tulipangwa nyuma ya jamaa. Mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza alisoma majina. Alisema, "Na wafanyakazi wenzake wa sinema, tunawashukuru kwa kufika." Nikainamisha kichwa pamoja na wengine. Zamu ya wafanyakazi ya kutia udongo ilipofika, nilitia, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Jioni nikapita kwa wazazi Kitale. Mama alikuwa amejifunika shuka chumbani, akisema kichwa kinamuuma. Baba alikuwa kibandani, hajawasha taa bado, anakunja vitambaa. Nikamsalimia.

"Umetoka kuzika?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Aliendelea kukunja kitambaa, akakipiga pasi kwa kiganja.

"Mimi napima mabega ya watu tangu nikiwa kijana," akasema. "Bega lako la kushoto liko chini kidogo. Tangu gauni lako la kwanza la shule nilikuwa naongeza mkunjo upande huo. Si kwa mama yako, na si kwetu. Halafu siku moja Kariuki akaja nimshonee koti la kanisa. Nikamwekea utepe wa kupimia mabegani." Akachukua kitambaa kingine. "Nilikuwa nimeshahesabu miezi, mwanangu. Tangu ulipozaliwa nilikuwa najua kwamba kuna mtu. Nilikuwa sijui ni nani."

Nikachukua kitambaa kimoja, nikaanza kukunja nami, Baba akaendelea:

"Nilikasirika. Sitakudanganya. Miaka nilikuwa nikimwona njiani nageuza uso. Kisha ukamaliza shule, ukakaa nyumbani bila kazi, nikawaza: huyu mtu ana ujuzi, na damu yake iko kwangu inakaa bure. Nikamwendea. Nikamwambia, mpe kazi. Mfundishe yote unayoyajua. Jina ameshapata kwangu, hilo usiguse. Ukimwambia, namtoa siku hiyohiyo. Alikubali. Alilia, lakini alikubali. Na ameshika neno lake mpaka leo wamemfukia."

"Baba," nikasema, "Mama anadhani hujui."

"Na aendelee hivyo. Yeye amebeba aibu yake vya kutosha. Akijua kwamba nimeiona, itakuwa nzito mara mbili." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ulimwendea hospitali?"

"Hapana."

Baba aliweka kitambaa chini. Aliniangalia kwa huruma ambayo mpaka leo sijaweza kuisahau, kwa sababu ilikuwa huruma ya mtu anayejua kwamba sehemu ya kosa ni yake. "Ningekuambia mapema," akasema. "Nilikuwa naogopa utakwenda kwake."

Ndivyo tulivyokuwa. Mama akimficha Baba, Baba akimficha Mama, Kariuki akiwaficha watu wa nyumbani kwake, nami wa kwangu, na kila mmoja akidhani anamlinda mwingine. Mama alikufa bila kujua kwamba mumewe alijua. Baba alimfuata baada ya miaka michache. Nilimwosha miguu alipokuwa mgonjwa, nikamwita Baba hadi pumzi ya mwisho, na sikuwahi kuona kwamba neno hilo halimstahili.

Kazi yetu nayo ilikufa. Zilikuja kanda za video, watu wakawa wanakaa kwenye vibanda vya mabati kutazama picha mbili kwa wakati ambao sisi tulionyesha moja. Ukumbi wa Bungoma ukafungwa, mashine zikauzwa kama vyuma vikuukuu. Nilifanya kazi kwenye kibanda cha video miaka kadhaa nikitafsiri, vijana wakiniita Mama DJ. Halafu zikaja simu. Nikastaafu bila mtu kuniambia nistaafu. Siku moja sikuitwa, na kesho yake pia. Jumba la Kitale sasa ni duka la magodoro.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za sinema huniuliza siri ya kazi. Ninawaambia ukweli: ni kutazama pembe ya picha wakati watu wote wanatazama katikati. Lakini mimi nilijifunza kutazama pembe kwenye kitambaa cha sinema tu. Mtu alisimama mbele yangu, ameweka mikono magotini, ananiomba nimuulize swali, nikamuuliza habari za lenzi. Hilo haliungwi kwa gundi.

Mwaka jana mwanamke mmoja alinijia nyumbani Bungoma. Mwalimu mstaafu, nywele nyeupe. Alisema anaitwa Wambui, kitinda mimba wa marehemu Kariuki, na kwamba wajukuu wanataka kuandika habari za babu. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye pekee aliyebaki katika wale waliofanya kazi naye. Nilimkaribisha chai. Aliponyoosha mkono kuchukua kikombe, nikaona bega lake.

Nilimweleza kazi yote, naye akaandika. Alipofunga daftari, sijui ni nini kilinishika. Mama niliyemwapia alikuwa amekufa, na Baba pia. Nikamwambia na lile lililobaki.

Hakusema nadanganya. Aliniangalia usoni, kipande kwa kipande, na nikadhani labda atanyoosha mkono.

"Ni nani mwingine anajua?" akauliza.

"Walio hai, mimi na wewe."

"Basi tuache hivyo, Mama Saidi. Nakuomba. Shamba la Endebess bado lina kesi kati ya kaka zangu. Wakisikia, watasema ati umekuja kwa sababu ya shamba."

"Sitaki shamba."

"Mimi najua. Wao hawatajua." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Samahani."

Nikamwambia si kitu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Tulipofika akageuka, akanishika mkono, akauliza jambo ambalo hakuliandika kwenye daftari.

"Niambie tu hili. Huko kazini alikuwa anacheka? Kwa sababu nyumbani sisi hatukumwona akicheka."

Nikajaribu kukumbuka. Nilipitia miaka yote ile, kile chumba, lile joto, mikono yake, mgongo wake, nisikute kicheko hata kimoja. Wambui alikuwa anangoja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alikuwa anacheka sana."

Akashukuru, akaenda zake. Hajarudi tena.